Kenyatta: Kutoka nyumba ya Lodwar hadi mnara wa KICC

HAYATI Mzee Jomo Kenyatta alihamishiwa Lodwar Aprili 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung. Hakuwa mfungwa tena kisheria, lakini hakuwa huru. Kwa miaka miwili aliishi chini ya ulinzi katika nyumba ndogo isiyo na ghorofa. Kaskazini-mashariki ya mji huo, kwenye rasi ya Longech ndani ya Ziwa Turkana, wavuvi walijenga kwa makuti ya mikoma, na kimo cha nyumba kiliamuliwa na urefu wa fito na ukali wa upepo.

Ni ajabu basi kwamba mtu huyo ndiye aliyekuja kuipa Nairobi mnara wake mashuhuri kuliko yote.

Mji wenyewe aliujua tangu miaka ya 1920, alipokuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya baraza la mji. Kati ya 1931 na 1946 aliishi Uingereza. London ya wakati ule ilikuwa na sheria iliyozuia majengo kupanda mno, hofu ya moto ikiwa mojawapo ya sababu. Aliporejea nyumbani aliongoza chama cha KAU, akakamatwa Oktoba 1952 na kuhukumiwa Kapenguria mwaka uliofuata. Akaachiliwa Agosti 1961, akawa Waziri Mkuu 1963 na Rais 1964.

Mwaka 1967 ulianza ujenzi wa makao makuu ya KANU katikati ya Nairobi. Wasanifu walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya David Mutiso. Husimuliwa kuwa mchoro wa kwanza ulikuwa wa jengo la ghorofa chache tu, na kwamba Mzee ndiye aliyetaka liongezwe, kisha liongezwe tena. Jambo lisilo na ubishi ni kuwa Nairobi ilipewa heshima ya kuandaa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa Septemba 1973, na makao ya chama yakageuka jumba la mikutano. Lilipokamilika mwaka huo lilikuwa na ghorofa 28 na kimo cha mita 105, na juu yake mkahawa unaozunguka.

Mfanyabiashara hajengi hivyo. Yeye hupiga hesabu: kadiri jengo linavyopanda ndivyo linavyohitaji lifti zaidi, na lifti hizo hula nafasi katika kila ghorofa iliyo chini. Hufika mahali ambapo ghorofa moja zaidi hugharimu kuliko kodi itakayoleta, naye husimama hapo, isipokuwa bei ya kiwanja imsukume juu au njia ya ndege imzuie. Chama tawala hakikuwa na sababu ya kuhesabu kodi. Kilihesabu wageni watakaotazama. Wapo waliolalamikia fahari hiyo katika nchi ambayo Turkana yake haikuwa na barabara ya maana, na kwa maoni yangu hawakukosea, ingawa jengo lenyewe ni zuri mno kulichukia.

Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, mnara wake ukiwa bado unatawala anga la jiji. Ulikuja kupitwa na Times Tower ya mita 140, na mwaka 2017 Britam Tower ikafika mita 200, huko Upper Hill. KANU nayo ilinyang'anywa jengo na serikali mwaka 2003.

Mei 2017 mwanawe, Rais Uhuru Kenyatta, alizindua ujenzi wa The Pinnacle, mnara uliopangwa kupita mita 300. Safari hii wenye mradi walikuwa wawekezaji binafsi. Mgogoro wa kiwanja ukafika mahakamani, na ujenzi ukakwama kabla mnara haujainuka.