Regulus: Kamanda Aliyelewa Ushindi

Jina la Tunis si geni kwetu, kwani ndiko uliko msikiti mkongwe wa Zaytuna. Karne nyingi kabla ya Uislamu kufika huko, jirani yake palikuwa na mji tajiri wa Carthage, na katika nchi hiyo jeshi la Roma liliangamia. Leo tunaeleza maisha ya kamanda wa jeshi hilo, Marcus Atilius Regulus. Miaka yote tutakayoitaja ni kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.).

Roma ya wakati huo haikuwa na mfalme. Kila mwaka walichaguliwa viongozi wawili walioitwa makonsuli, nao ndio walioongoza vita. Regulus alipata cheo hicho mwaka 267, akashiriki kuuteka mji wa Brundisium, kusini mwa Italia. Mwaka 264 vikazuka vita baina ya Roma na Carthage, wakigombea kisiwa cha Sicily. Miaka minane ikapita pasipo mshindi, ndipo Warumi wakaamua kuvuka bahari wakampige adui nyumbani kwake.

Mwaka 256 Regulus akawa konsuli mara ya pili. Yeye na mwenzake, Manlius Vulso, walitoka na merikebu zipatazo 330, wakawashinda Carthage baharini karibu na Ecnomus, kisha wakashuka Afrika. Wakauteka mji wa Aspis, ambao leo ni Kelibia nchini Tunisia, wakapora mashamba na kuchukua mateka zaidi ya 20,000. Ikaja amri kutoka Roma: Manlius arudi, Regulus abaki na merikebu 40, askari wa miguu 15,000 na wapanda farasi 500.

Kwa jeshi hilo dogo alishinda vita vya Adys, maana adui alipiga kambi mlimani, ambako tembo na farasi wake hawakuwa na kazi. Kisha akauteka Tunis. Ndani ya Carthage wakimbizi walijaa na njaa ikaingia. Mwanahistoria Polybius anaeleza kuwa Regulus alichelea konsuli mpya asije akaichukua sifa yake, hivyo akawaita watu wa Carthage kwenye mazungumzo ya amani. Lakini masharti aliyowapa yalikuwa mazito mno, hata wajumbe wakaona kwamba wakishindwa vitani hawatapata baya zaidi ya hilo. Wakaondoka.

Wakati huo alifika Carthage askari wa kukodiwa kutoka Sparta, jina lake Xanthippus. Aliwaonyesha kosa lao: waache milima, wapigane uwandani. Akalifundisha jeshi upya. Mwaka 255 wakatoka na askari wa miguu 12,000, farasi 4,000 na tembo karibu 100. Farasi wachache wa Roma wakatimuliwa mara moja, tembo wakawakanyaga askari wa mbele, na waliobaki wakazingirwa. Waliookoka na kufika Aspis walikuwa kama 2,000 tu. Regulus akakamatwa pamoja na wenzake 500.

Roma ilituma merikebu kuwachukua waliosalia, lakini wakati wa kurudi dhoruba ilizizamisha nyingi karibu na Sicily, na maelfu wakafa maji. Vita vikaendelea hadi mwaka 241, Roma iliposhinda.

Waandishi wa Kirumi wa baadaye wanasimulia kuwa Regulus alitumwa Roma kuombea mapatano, akiwa ameapa kurejea. Akawashauri wenzake wakatae, kisha akarudi kifungoni, akauawa. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka habari hii, kwa kuwa Polybius hakuitaja kabisa.

Ndugu wanafunzi, tuzingatie. Regulus aliweza kumaliza vita siku ile wajumbe waliposimama mbele yake. Aliwabana mno, na aliyebanwa hadi ukutani hana budi kupigana. Gharama yake wakailipa maelfu ya askari na mabaharia. Basi tukipewa nguvu juu ya mwenzetu, iwe darasani, uwanjani au nyumbani, tumwachie mlango wa kutokea.