Einstein Alirudi Sekondari, Wewe Unaona Aibu ya Nini?

Umehamia shule ya bweni na wanataka urudie klasi? Usijam, msee. Mcheki Albert Einstein. 1895, akiwa na miaka 16 tu, alijaribu mtihani wa kuingia Polytechnic ya Zurich, Uswisi. Hesabu na fizikia alizichapa, lakini masomo mengine yakamuangusha. Angeweza kususa. Badala yake alikubali kurudi sekondari mjini Aarau, mbali na wazazi, akikaa kwa familia ya mwalimu, Jost Winteler. Mwaka uliofuata akapata cheti na chuo kikamfungulia mlango, bado akiwa na 17. 1905 akaitingisha fizikia, na baadaye akabeba Nobel ya 1921. Alipofariki 1955, nani alikuwa anauliza kuhusu ule mwaka wa Aarau?