John Snow: Daktari aliyeipima nusukaputi

JOHN Snow anakumbukwa na wengi kama daktari aliyeonyesha kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu. Hata hivyo, kazi iliyompa riziki jijini London ilikuwa nyingine: kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya nusukaputi ili wapasuliwe bila kuhisi maumivu, na kuhakikisha kwamba wanaamka.

Alizaliwa Machi 15, 1813 mjini York, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa. Babake alikuwa kibarua. Alipotimu umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kufunzwa kazi na mpasuaji William Hardcastle. Mnamo 1836 alielekea London kuendelea na masomo, na mwaka wa 1844 akatunukiwa shahada ya juu ya udaktari na Chuo Kikuu cha London.

Etha, dawa ya kwanza ya nusukaputi kuenea, iliingia Uingereza mwishoni mwa 1846. Madaktari waliitumia kwa kubahatisha. Baadhi ya wagonjwa walilala fofofo, ilhali wengine hawakulala kabisa.

Snow alitambua kwamba kiasi cha mvuke wa etha hubadilika kulingana na joto. Alitayarisha jedwali la vipimo, akaunda chombo cha kuvutia mvuke, na mnamo 1847 akachapisha kitabu kilichoeleza hatua ambazo mgonjwa hupitia hadi kupoteza fahamu.

Novemba mwaka huo, James Young Simpson wa Edinburgh alitangaza dawa mpya, klorofomu. Ilihitaji kitambaa na matone machache tu, na wengi wakaipa etha kisogo.

Haukupita muda mrefu kabla ya msiba kutokea. Mnamo Januari 28, 1848, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alitarajiwa kung'olewa ukucha wa kidole cha mguu nyumbani kwao karibu na Newcastle. Awali alikuwa ameng'olewa ukucha mwingine kwa etha, akapona. Safari hii alivutishwa klorofomu kwa kitambaa, na katika muda wa dakika chache akafariki.

Simpson aliitetea dawa yake, akidai kwamba msichana huyo alisakamwa na maji na brandi aliyonyweshwa ili azinduke. Snow alishikilia kwamba kitambaa kilimfikishia mvuke mzito kwa ghafla, nao ukausimamisha moyo. Kwake, udogo wa upasuaji haukupunguza hatari ya dawa. Aling'oaye ukucha na akataye mguu walihitaji uangalifu ule ule.

Kuanzia hapo alikazania kipimo. Alitumia chombo kilichochanganya klorofomu na hewa ya kutosha, huku akichunga pumzi za mgonjwa.

Kwa kuwa wakati huo watu wenye uwezo walipasuliwa majumbani mwao, Snow alizunguka London na vifaa vyake, akihudumia waliong'olewa meno na waliokatwa uvimbe. Aliandika habari za kila mgonjwa katika madaftari yake.

Aliagiza wagonjwa wasile chakula muda mfupi kabla ya kuvuta dawa ili wasitapike. Aliona kuwa wakati bora ni asubuhi kabla ya kifungua kinywa.

Sifa zake zilifika hadi ikulu. Mnamo Aprili 7, 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu alipojifungua Mwanamfalme Leopold, na tena mwaka wa 1857 alipozaliwa Beatrice. Hatua hiyo iliwatoa hofu wanawake wengi.

Kwa jumla, alitoa klorofomu zaidi ya mara 4,000. Hakuwahi kuoa, na aliishi maisha ya kiasi.

Mnamo Juni 10, 1858, akiandika kitabu chake kikuu kuhusu klorofomu, alipatwa na kiharusi. Alifariki Juni 16, akiwa na umri wa miaka 45, na kitabu hicho kikatolewa mwaka huo huo na rafikiye, Benjamin Ward Richardson.

Klorofomu imekwisha kuachwa, lakini uangalifu alioudai umebaki. Mgonjwa wa leo anayekwenda kufanyiwa upasuaji mdogo na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo huambiwa asile kwa saa sita kabla ya nusukaputi, aje na mtu mzima wa kumrudisha na kumwangalia, na asiendeshe gari kwa saa 24. Anayepuuza masharti hayo kwa kuwa kidonda ni kidogo anasahau yaliyompata Hannah Greener.