Mazrui naye alikataliwa Makerere

Juzi nilikuwa Isiolo kwa rafiki yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mwanawe ameapa hasomi tena. Alitaka sayansi ya siasa, alama za kidato cha nne hazikumfikisha chuo kikuu. Baba anamwambia basi twende mnadani.

Nikawapa habari za mtu wetu, marehemu Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, baba yake Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Pamoja na nyumba ile ya elimu, kijana alipata cheti cha daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akawa karani kwenye chuo cha ufundi cha Waislamu pale pale Mombasa. Siku ya Maulidi alihutubia mbele ya Gavana Philip Mitchell, na hapo ndipo mlango wa Uingereza ulipoanza kufunguka.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 22, alikwenda Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari. Na haya ndiyo sisi tunayaonea aibu! Kisha Manchester, shahada ya siasa na falsafa, 1960. Columbia ikafuata, halafu Oxford. Makerere ile ile ikampa uprofesa wa sayansi ya siasa kabla hajafika miaka 35. Alifariki Marekani mwaka 2014, akarudishwa Mombasa kuzikwa.

Kijana alinyamaza. Aliyeuliza ni baba: ule ukarani ulichukua miaka mingapi?