Shaaban Robert na Barua Zake

Mwaka 1944 karani mmoja wa serikali alihamishiwa Mpwapwa, katika nchi ya Ugogo. Umri wake ulikuwa miaka 35. Mpwapwa palikuwa makao makuu ya Idara ya Mifugo, mahali pa ng'ombe na vumbi na upepo mkavu, mbali sana na minazi ya pwani alikozaliwa. Karani huyo aliitwa Shaaban Robert. Wakati ule watu waliyajua mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo, lakini hakuwa bado na kitabu kilichopigwa chapa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, zamani za utawala wa Wadachi. Wengi wakisikia jina la Robert hudhani alikuwa Mkristo. Sivyo, alikuwa Mwislamu, na Robert ni jina la baba yake. Alisoma shule Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926, kisha akaingia kazi ya ukarani katika forodha. Akaishika kazi hiyo miaka 18, akihamishwa huku na huku, Pangani na kwingineko.

Karani wa serikali hana mji. Akianza kuzoea majirani huletewa hati ya uhamisho, naye hufunga mizigo yake akaondoka. Basi ndugu waliotengana hivyo hawakuwa na njia ya kuzungumza ila barua. Tangu mwaka 1931, alipokuwa kijana wa miaka 22, Shaaban alikuwa akimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, habari za jamaa, za kazi na za vitabu. Hata Mpwapwa hakuacha. Na barua ya Mpwapwa haikufika Tanga upesi. Reli ya Kati hupita Gulwe, si mbali na Mpwapwa, lakini ilikuwa haijaunganishwa na reli ya Tanga. Jambo hilo halikufanyika mpaka mwaka 1963. Mwandikaji alikuwa hana budi kungoja jibu kwa saburi.

Desturi yake ilikuwa kuwaandikia watu wake yale yaliyomjaa moyoni. Mkewe Amina alipokufa, alimtungia shairi la maombolezo. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, ili wapate mashauri ya baba. Lakini tenzi hizo, ingawa ziliandikwa kwa ajili ya watoto wawili, zilitengenezwa kwa vina na mizani, na kila mtu aliweza kuzisoma. Barua ni kitu kingine. Huandikwa kwa mtu mmoja tu, na mwandikaji hadhani kwamba mgeni ataifungua.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na baadaye katika Idara ya Upimaji. Mchana alikuwa karani. Vitabu alivitunga katika saa zilizobaki. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958. Alipata sifa na nishani, lakini hakupata mali. Baadhi ya kazi zake hakuziona zikichapwa: Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968, naye alikuwa amekwisha kufa. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Barua zake kwa Yusuf ni za miaka 27, mpaka mwaka 1958. Mchwa na mvua ni adui wa karatasi, na watu wengi wakiisha soma barua huwashia moto. Yusuf hakufanya hivyo. Yeye naye alikuwa mtunzi wa hadithi, mwenye kitabu kiitwacho Nguzo ya Maji, na pengine kwa hiyo alijua thamani ya maandishi. Alizitunza barua za kaka yake, za ujana na za utu uzima. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya mauti ya mwandishi, zilipigwa chapa Dar es Salaam katika kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert, na watu wasiomjua wakaanza kusoma yale aliyoandikiwa ndugu mmoja.