Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyenyongwa huku wakubwa wakibembelezana

Kila ninapowasomesha wanafunzi wangu habari ya mwandishi aliyefungwa, swali lao la kwanza huwa ni moja: alimtukana nani? Kwa Ken Saro-Wiwa wa Nigeria jibu linachukua kipindi kizima, maana mtu huyu alijulikana kwanza kwa kuchekesha watu.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1941 huko Bori, katika nchi ya Waogoni, kabila dogo la watu wapatao nusu milioni kwenye delta ya mto Niger. Alisoma Umuahia, kisha Chuo Kikuu cha Ibadan. Vita vya Biafra vilipozuka mwaka 1967 alikaa upande wa serikali kuu, akakabidhiwa kuisimamia Bonny, mji wa bandari ya mafuta. Baada ya vita akawa kamishna katika Jimbo la Rivers mpaka mwaka 1973, alipoondolewa kwa sababu ya kutetea Waogoni wajiamulie mambo yao.

Hapo ndipo alipogeukia biashara, na ndugu zangu mnaovuka mpaka na mizigo nawaomba mlizingatie jambo hili. Alifanya biashara ya rejareja na ya majumba, akapata fedha, na kwa fedha hizo akaanzisha kampuni yake ya kuchapa vitabu. Hakuhitaji kumpigia mtu magoti ili kitabu kitoke. Mchezo wake wa televisheni, Basi and Company, ulitazamwa na mamilioni ya Wanigeria katika miaka ya 1980. Ulimcheka kijana wa Lagos anayetaka utajiri bila kutoka jasho. Riwaya yake Sozaboy ya mwaka 1985 inamhusu kijana anayekwenda vitani bila kujua vita ni vya nini, nayo imeandikwa kwa Kiingereza kilichovunjika makusudi. Sisi tuliokulia ukimbizini, wenye lugha ya nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha mtihani, hatuhitaji kufafanuliwa utamu wa kitabu hicho.

Kicheko kiliishia kwenye mafuta. Kampuni ya Shell ilianza kuchimba Ogoni mwaka 1958. Mabomba yalipita mashambani, gesi ikawaka usiku na mchana, mito ya uvuvi ikachafuka, na fedha zikaenda kwingine. Mwaka 1990 Saro-Wiwa na wenzake waliunda chama cha MOSOP na kutoa tamko la haki za Waogoni. Tarehe 4 Januari 1993 watu wanaokadiriwa kufika 300,000 waliandamana kwa amani, yaani zaidi ya nusu ya kabila zima. Mwaka huohuo Shell ikaondoka Ogoni, naye akawekwa ndani mwezi mmoja na siku moja.

Tarehe 21 Mei 1994 wazee wanne wa Kiogoni waliuawa na kundi la watu huko Giokoo. Tusiwasahau marehemu hao. Mmoja wao, Edward Kobani, aliwahi kuwa rafiki yake mkubwa. Siku hiyo wanajeshi walikuwa wamemzuia Saro-Wiwa asifike kwenye mkutano wake, lakini kesho yake alikamatwa kwamba ndiye aliyechochea mauaji. Serikali ya Jenerali Sani Abacha iliunda mahakama maalumu isiyo na rufaa. Mawakili wake, wakiongozwa na Gani Fawehinmi, walijitoa kwa kupinga mwenendo wa kesi. Mashahidi wawili wa mashtaka walikula kiapo kwamba walihongwa, na Shell imekana kuhusika.

Kilio nje kilikuwa kikubwa. Chama cha waandishi wa dunia, PEN, kilimtetea. Amnesty International ilimtangaza mfungwa wa dhamiri. Wole Soyinka, aliyekuwa mwenyewe uhamishoni, alizunguka akiwasihi viongozi. Barua 28 na mashairi 27 ya Saro-Wiwa yalitoka kizuizini yamefichwa kwenye vikapu vya mikate, yakamfikia sista wa Ireland, Majella McCarron. Wasomaji wa Kiswahili mtakumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969, ambaye mashairi yake ya Sauti ya Dhiki yaliandikwa gerezani kwenye karatasi za chooni.

Hukumu ya kifo ilitolewa mwishoni mwa Oktoba 1995. Wakati huo wakuu wa Jumuiya ya Madola walikuwa njiani kwenda Auckland, New Zealand. Mwanawe, Ken Wiwa, aliwafuata huko kuwaomba. Nelson Mandela aliamini kwamba maneno ya faraghani yangemlainisha Abacha. Namheshimu Mandela, ila hapa naona alikosea, naye mwenyewe baadaye alikasirika kuliko wote. Tarehe 10 Novemba, mkutano ukiwa ndio umeanza, Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa katika gereza la Port Harcourt. Nilikuwa mwanafunzi kambini mkoani Kigoma, na habari hiyo tuliisikia kwenye idhaa ya Kiswahili ya BBC, watu wazima wakiwa wameizunguka redio kimya. Kesho yake Nigeria ikasimamishwa uanachama. Kwa nini adhabu hiyo haikutishiwa hadharani siku kumi kabla, sijapata kuona maelezo ya kuniridhisha.

Kitabu chake cha kizuizini, A Month and a Day, kilitoka akiwa amekwisha fariki. Mwaka 2009 Shell ililipa dola milioni 15.5 kumaliza kesi ya familia huko Marekani bila kukiri kosa. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulisema kuisafisha Ogoni kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30, na mwaka huohuo zile barua zikapewa Chuo Kikuu cha Maynooth, Ireland.

Tarehe 12 Juni 2025 Rais Bola Tinubu aliwasamehe wote tisa na kuwapa nishani. Wapo waliofurahi. Wapo pia watetezi wa haki waliouliza msamaha ni wa kosa gani, wakadai hukumu yenyewe ifutwe.