Giovanni Battista Piranesi, Mchoraji wa Roma

Giovanni Battista Piranesi alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1720, karibu na mji wa Venezia, katika nchi ya Italia. Baba yake alikuwa fundi wa mawe. Ndugu yake mmoja, aliyekuwa mtawa, alimfundisha Kilatini na habari za Waroma wa kale. Naye kijana alikuwa na tamaa moja: kujenga nyumba kubwa za mawe.

Mwaka 1740 alifika Roma, lakini hakupata mtu wa kumpa nyumba ya kujenga. Basi akajifunza kuchora juu ya bamba la shaba. Fundi hulipaka bamba nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha hulitia maji makali yanayokula shaba pale palipochorwa tu. Halafu hupaka wino na kukandamiza karatasi juu yake. Yampasa kuchora kinyume, kushoto kuwe kuume. Bamba moja hutoa picha nyingi.

Picha zake za kwanza zilitoka mwaka 1743, wala hazikumletea mali. Fedha zikamwishia, akarudi kwao maskini. Lakini akaenda Roma tena, akaanza kuchora makanisa, viwanja na magofu ya mji ule, picha 135 katika miaka kama 30.

Miongoni mwake imo picha ya kiwanja cha Kanisa la Mtakatifu Petro. Nguzo 284, zilizojengwa kwa shauri la fundi Bernini, zimekizunguka kama mikono ya mama akumbatiaye watoto. Katikati lasimama jiwe refu lililotoka Misri, na watu chini yake ni wadogo kama siafu. Wengi wasioweza kufika Roma waliliona kanisa hilo kwa karatasi yake.

Mwaka 1764, wakati wa Papa Klementi XIII, alipewa hatimaye kanisa la kutengeneza upya, nalo dogo: Santa Maria del Priorato. Halikufuata lingine. Alifariki tarehe 9 Novemba 1778, na mwili wake umelazwa humo.

Alitamani kujenga mengi, akajenga moja. Lakini kazi asiyoitamani, aliyoifanya kwa bidii siku zote, ndiyo iliyozaa matunda mengi. Basi aliyepewa kazi ndogo asiidharau. Aifanye kwa uaminifu, maana Mungu ndiye ajuaye mavuno yake.